Usiangalie Mto Unakoenda

Juzi niliingia duka la vitambaa hapa Embu mjini kutafuta shuka. Muuzaji akavuta jora la marekani, ile pamba nzito yenye rangi ya maziwa, akalikung'uta juu ya meza, na harufu ikanifikia kabla sijauliza bei. Marekani mpya ina harufu yake ya wanga na vumbi, na ukiilowesha ndiyo inazidi. Mimi, mama wa watoto wawili, mfanyakazi wa ofisi anayekaa mtaa wa Dallas hapa hapa mjini na kuheshimika huko, niliinamisha pua juu ya kitambaa cha mwenyewe nikavuta pumzi hadi chini. Muuzaji alinitazama kwa shaka. Nikanunua mita nne ambazo sikuwa na haja nazo, ili nisionekane nimerukwa na akili.

Harufu hiyo ndiyo iliyojaa nyumbani kwetu nilipokuwa na miaka minane au tisa, kwa sababu mama yangu alikuwa fundi wa kanzu za ubatizo. Cherehani yake ilikaa dirishani, na marekani ilikaa kila mahali pengine: kitandani, juu ya kabati, na mara moja ndani ya sufuria ya githeri, kisa ambacho mama hakupenda kikumbushwe. Kama na wewe ulilelewa kwenye miteremko ya mlima siku zile zetu, huenda uliwahi kutuona tukipita na vitambaa vyeupe kichwani na viatu mkononi. Sisi wenyewe tulijiita Ushirika tu. Majirani wetu wa upande wa Karurumo walituita Watu wa Mto, na kwa kusikiliza sauti uliweza kujua kama ni heshima au ni dharau.

Hatukuwa na kasisi wa kulipwa, wala kengele, wala kinanda. Tulikuwa na banda la mabati, ngoma moja ya ngozi ya mbuzi, na wazee watatu. Mkubwa wao alikuwa Mzee Nyaga, ambaye siku za kazi alichimba vyoo vya watu na Jumapili alituhubiria, na alifanya kazi zote mbili kwa bidii ile ile. Viatu viliachwa mlangoni. Muguka, yale majani ya kuchangamsha yaliyo ndugu ya miraa, haukutafunwa, haukuuzwa, na haukupandwa hata mche mmoja, na majirani waliotegemea zao hilo walituona hatuna akili. Na kwa kuwa waumini walikuwa Waembu, Wambeere na Wameru kidogo, ibada iliendeshwa kwa Kiswahili, Kiswahili chetu cha mlimani, ambacho Mungu alionekana kukielewa bila shida.

Nilichokipenda kuliko vyote ni duara la Jumamosi alasiri. Watu wazima waliketi chini kwa mviringo, sisi watoto tukawekwa katikati ili tusitoroke, kisha yeyote aliyekuwa na jambo moyoni akasimama na kulileta nuruni. Hivyo ndivyo tulivyosema: kuleta nuruni. Mama mmoja alileta nuruni kwamba alikuwa akiongeza maji kwenye maziwa ya kuuza. Mzee mmoja mwenye mvi alikiri kwamba ng'ombe wa jirani yake alipokauka maziwa yeye alifurahi mpaka akala ugali mara mbili. Baada ya kila neno watu walipiga makofi matatu ya polepole, viganja vikiwa vimekunjwa kidogo ili mlio uwe mzito, na aliyesema akaketi na uso mwepesi. Nimesikiliza michezo mingi ya redio tangu hapo na sijapata unaofikia duara lile. Lakini pia, na hili nalisema bila mzaha, nililelewa mahali ambapo watu wazima walikubali mbele ya watoto kwamba wamekosea. Mpaka leo nikimwona mkubwa ofisini akihangaika kutafuta wa kumlaumu, namhurumia kwamba hakuwahi kuketi pale.

Ubatizo wetu ulikuwa mtoni, kwenye maji yanayotembea pekee. Mzee Nyaga hakutaka kusikia habari za bwawa wala birika. Anayebatizwa alisimama katikati ya mto Ena akiwa ametazama mlimani, maji yanakotoka, akalazwa chali, akainuliwa, akatokea ng'ambo ya pili bila kugeuza shingo. Kuanzia hapo hadi jua kutua hakuruhusiwa kutazama mto unakoenda, na sisi wa ukingoni vilevile. Watoto tulishikwa kidevu. "Usiangalie mto unakoenda," mama alininong'oneza kila mara. "Hizo zimeshaenda, wachana nazo." Alimaanisha dhambi.

Na kabla mtu hajalazwa majini, Mzee Nyaga aliuliza mara tatu, "Kuna neno?" Kila mara watu waliitikia, "Hakuna neno." Kama ulikuwa na neno juu ya yule mtu, hapo ndipo pa kulisema, na shughuli yote ilisimama mpaka neno liishe. Nilikuwa nimeliona likitokea mara moja tu. Mwanamke mmoja alisema kuna neno: dada anayebatizwa alikuwa na sufuria yake tangu msimu wa maharagwe. Dada yule akatoka mtoni, akapanda mlima na kanzu yake imelowa hadi kiunoni, akarudi na sufuria kichwani, akabatizwa. Tuliimba sana siku ile.

Sasa tatizo langu. Cucu, nyanya yangu mzaa mama, aliishi chini Mbeere, mwendo wa nusu siku kwa miguu ukiufuata mto huo huo. Kwake hakukuwa na bomba. Likizo zote nilikuwa nikiteremka naye hadi mtoni, anachota kwa kibuyu, anakunywa palepale, anafuta mdomo kwa leso na kusema, "Maji ya kwenu huko juu ni tamu." Mimi nilikuwa nimeona povu la sabuni likitoka kwa wafua nguo na kuteremka na mto mpaka likapotea kwenye kona. Povu lilikwenda kwa cucu. Basi dhambi pia zilikwenda kwa cucu. Hakuna aliyeniambia hivyo, lakini hakuna aliyeniambia vingine, na mimi nilikuwa mtoto wa kufikiria jambo hadi mwisho wake. Nilijituliza kwamba dhambi za watu wa Ushirika zilikuwa za sufuria na maziwa, na kwamba mto ni mkubwa, zingechujuka njiani.

Kisha baba akasema anataka kubatizwa.

Baba yangu alikuwa seremala mwenye mikono mizuri, mcheshi, mwimbaji, na hakupita karibu na muratina bila kuisalimia. Pombe hiyo ya asali ilimjua kwa jina. Meno yake yalikuwa ya kijani kwa muguka. Mama alipobatizwa, miaka sita nyuma, alishona kanzu mbili, yake na ya baba, na ya baba akaikata kwa kipimo cha koti la arusi. Ikaingia sandukuni. Kila mwaka kabla ya mvua za masika mama aliitoa, akaifua, akaitia wanga, akaipiga pasi ya makaa, akaikunja na kuirudisha. Sikuwahi kumsikia akimsihi baba hata siku moja. Alipiga pasi tu. Baba akipita mlangoni alisema, "Hiyo nguo itazeeka kabla yangu," na mama akamjibu, "Tutaona." Nilikuwa mdogo, lakini nilijua kwamba hakuna kitu mama alikitaka duniani kuliko kuiona kanzu ile imelowa.

Jumamosi moja baba alivua viatu mlangoni mwa banda, soksi zikiwa na matundu, akaketi kwenye duara, akasema, "Mimi nimechoka." Mama akafunika mdomo kwa kiganja. Kuanzia siku ile baba akaanza kuleta mambo yake nuruni, na kwa kuwa yalikuwa mengi, ilichukua Jumamosi tano. Wakubwa walifurahi. Mimi niliketi pale katikati nikihesabu kwa vidole, na vya mikono vilipokwisha nikaingia vya miguu. Kulikuwa na kupigana kilabuni. Kulikuwa na jeneza alilolitengeneza kwa mbao zilizooza huku akijua. Kulikuwa na uongo mwingi, mwingine nilikuwa nimeuamini mwenyewe. Kila neno jipya lilipopigiwa makofi nilimwona cucu akiinama na kibuyu chake.

Siku moja kabla ya ubatizo mama alikuwa akiitanua kanzu. Miaka sita ya muratina ilikuwa imeongeza kiuno cha baba, ikabidi apachike vipande viwili ubavuni, vyeupe kuliko nguo yenyewe. Alikuwa akiimba chini kwa chini.

"Mama," nikamwuliza, "dhambi za mtu mkubwa zinaweza kuua mtu?"

"Zinaua," akajibu bila kuinua kichwa. "Hata usicheze nazo."

Ningemweleza hofu yangu palepale, mambo yangekwisha. Lakini alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona kwake, sindano ikienda na wimbo, na sikuthubutu kuigusa. Nilijiambia kwamba pengine mtu mwingine atasema. Watu wazima walikuwa wengi, na wote walijua mto unateremka upande gani.

Asubuhi ukingo ulijaa watu. Ukungu ulikuwa bado umekaa juu ya kahawa, maji yalinukia majani na mawe, na ngoma ilikuwa imeoteshwa moto ikalia vizuri. Baba aliingia mtoni akitetemeka, kanzu imembana kifuani, akitabasamu kwa haya. Mama alisimama ng'ambo ya pili ameshika leso kavu kwa mikono miwili, tayari kumpokea. Mzee Nyaga akainua mkono.

"Kuna neno?"

"Hakuna neno."

"Kuna neno?"

"Hakuna neno."

"Kuna neno?"

"Kuna neno," nikasema.

Sikujua kwamba nina sauti kubwa kiasi kile. Ngoma ikanyamaza. Ushirika uliamini kwamba Roho akitaka kusema bila kupingwa humtumia mtoto, kwa hiyo hakuna aliyenikaripia. Walifanya jambo baya zaidi: walinipisha njia. Nikajikuta mbele ya watu wote, miguu ndani ya maji baridi.

"Sema, Wawira," Mzee Nyaga akasema. "Usiogope mtu."

"Cucu anakunywa hii maji."

"Cucu gani?"

"Cucu wa Mbeere. Dhambi za baba zitafika kwake."

Nilisikia mtu nyuma yangu akianza kucheka na mwingine akimfinya. Mzee Nyaga hakucheka. Alimgeukia baba taratibu, na mimi nikamtazama baba, nikaona tabasamu limemtoka kabisa. Maji yalimpita kiunoni naye amesimama tu.

"Zilishafika," baba akasema. "Zilifika kitambo."

Kisha akasema, na sijasahau jinsi alivyokuwa akitafuta maneno, yeye ambaye hakuwahi kukosa neno. Guka, mume wa cucu, alipofariki aliacha mizinga mitatu ya magogo ikining'inia kwenye miti nyuma ya nyumba. Cucu aliagiza isiguswe, nyuki wa mzee waachwe watulie. Baba alikuwa ameenda kule kutengeneza paa, na siku moja cucu akiwa sokoni alipanda mitini, akawachoma nyuki kwa mwenge, akabeba asali yote kwenda kupika muratina. Cucu aliporudi alikuta nyuki waliokufa wametapakaa chini. Akamlaumu mjomba Njagi, kitinda mimba wake, kwa sababu ndiye aliyekuwa akiishi pale. Njagi alikana, cucu hakumwamini, wakarushiana maneno makali, na Njagi akachukua mfuko wake akaenda Mitunguu kufanya kazi kwenye mashamba ya ndizi. Mwaka wa nne ulikuwa umefika na hakuwa amekanyaga nyumbani tena.

"Mimi nilikuwa hapo nje nikipiga misumari," baba akasema. "Nilisikia yote. Nikanyamaza. Jumamosi zote tano nimekuja hapa, hiyo moja nikaishikilia."

Leso ilimponyoka mama. Aliketi kwenye matope ya ukingo na gauni lake jeupe, akimtazama baba kama mtu anayesoma barua mara ya pili. Njagi alikuwa mdogo wake, aliyembeba mgongoni. Ndipo nikaelewa kwamba kwa mdomo wangu mwenyewe nilikuwa nimemnyima mama kitu kimoja alichokuwa amekingoja miaka sita, na nikaanza kulia.

"Leo hatuendelei," Mzee Nyaga akasema. "Mtoto amekuonyesha njia. Maji inaenda kwa mama mkwe wako, na wewe utaenda huko. Lakini kwanza upitie Mitunguu."

Baba akatoka mtoni, akarudi upande uleule alioingilia.

Jioni ile mama aliifua kanzu, akaitia wanga upya, akaianika. Siku ya pili akaweka makaa kwenye pasi, akaniita. Nilienda nikiwa tayari kwa lolote.

"Wawira, nani alikuambia mambo ya asali?"

"Asali gani?"

Aliacha kupiga pasi. "Ile baba yako alitoa kwa cucu."

"Mimi sikujua ya asali. Mimi niliona tu dhambi za baba ni mingi, na cucu anachota hapo chini, na wewe ulisema zinaua."

Mama alinitazama, pasi bado mkononi. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nami nikadhani analia, kumbe anacheka. Alicheka mpaka akaiweka pasi chini kwa usalama, akacheka mpaka akashika ukuta, akajaribu kuniambia kitu na hakuweza. Baba akachungulia mlangoni kuuliza kuna nini. Mama alikuwa hajamsemesha tangu mtoni. "Huyu mtoto wako," akamwambia akifuta macho, "alifikiri mamangu atakunywa wewe." Baba hakucheka, lakini siku hiyo alipewa chakula mezani kama kawaida. Kesho yake alfajiri aliondoka kwenda Mitunguu.

Alikaa huko siku nne. Aliporudi alikuwa amechomwa na jua, mikono ina malengelenge mapya juu ya sugu za useremala, na nyuma yake alikuja mwanamume mrefu aliyebeba mkungu wa ndizi begani. Sikumtambua mpaka mama alipopiga yowe akamkimbilia, mkungu ukaanguka, ndizi zikatawanyika uani na kuku wakazivamia. Huyo ndiye mjomba Njagi.

"Alinifanya nipalilie migomba yake siku mbili bila kuniongelesha," baba alitueleza baadaye. "Ya tatu ndio akaniuliza kama nimekula."

"Nilikuwa nataka kujua kama ametubu kwa mdomo ama kwa mgongo," mjomba akasema, akimenya ndizi.

Jumamosi ya wiki iliyofuata tukateremka sisi wanne kwenda kwa cucu. Ushirika ungetufuata kesho yake, kwa maana Mzee Nyaga alitaka neno liishie mahali lilipoanzia. Njia ile naijua hata nikifumba macho. Unaanza na kahawa na makadamia na baridi ya asubuhi, udongo mwekundu unanata kwenye viatu, kisha miti inafupika, udongo unakuwa wa mchanga, jua linakaa begani, na unaona mtama na ndengu na mizinga ikining'inia kwenye miti ya miiba. Baba alikuwa amebeba mizinga mitatu mipya aliyoichonga mwenyewe. Alikataa kusaidiwa hata mmoja.

Tulimkuta cucu akipepeta ndengu. Alimwona mjomba, akaweka ungo chini polepole asimwage hata punje moja.

"Umekonda," akasema.

"Kule hakuna mtama."

"Kaa chini basi."

Mjomba akaketi karibu naye, na cucu akaanza kulia huku amemshika sikio, kama mtoto aliyekamatwa akicheza. Sisi tukatazama pembeni. Baba alikuwa amebaki nje ya ua, kwa sababu kwa desturi zetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawakaribiani ovyo wala hawakaziani macho. Alizungumza akiwa amegeuka ubavu, kofia mkononi, akasema yote aliyoyasema mtoni, bila kupunguza.

"Mwambie nimesikia," cucu akamwambia mama, ingawa baba alikuwa hatua kumi kutoka pale. "Mwambie nilimwambia mtoto wangu maneno hata adui hauwezi kumwambia. Hayo sasa nitayaweka wapi?"

"Sijui, mama," baba akajibu kutoka nje.

"Na mimi sijui." Akachukua ungo wake. Akapepeta mara mbili tatu. "Mwambie hao watu wake wamwogeshe hapa kwangu. Nataka kusikia hiyo maji ikimpiga."

Cucu hakuwa wa Ushirika. Yeye alikuwa wa kanisa la zamani la misheni, alinyunyiziwa matone matatu akiwa msichana, na alituona sisi kuwa watu wa kupenda makuu. Lakini Jumapili watu wetu walipofika, weupe watupu, wamechoka na wanaimba, aliwapokea kwa uji wa mtama na akahesabu kama kila mtu amepata. Kisha tukashuka mtoni. Palikuwa na kidimbwi kimoja tu chenye kina cha kumlaza mtu, na kilikuwa hatua chache juu ya mahali pake pa kuchotea. Niliyaona hayo, ila nilikuwa nimeapa kutosema neno tena maishani.

Hapo ndipo wazee walipopata kazi. Cucu alikuja na kigoda chake, akakiweka kwenye mchanga, akaketi akiwa ametupa mgongo. Hakuweza kumtazama mkwe wake akiwa na nguo iliyolowa na kumganda mwilini. Hilo lisingefanyika hata kwa Injili. Lakini akitupa mgongo alikuwa anatazama mto unakoenda, na hilo kwetu lilikuwa mwiko. Wazee watatu wakakutana kando. Mmoja alipendekeza afunikwe leso kichwani. Mwingine alipendekeza arudi nyumbani, akatazamwa na wenzake mpaka akanyamaza. Hatimaye Mzee Nyaga akarudi akiwa na jasho.

"Mama si wa Ushirika," akatangaza. "Sheria yetu haimshiki. Yake ndio inamshika. Wacha akae hivyo."

"Nilikuwa nimekaa tayari," cucu akasema bila kugeuka.

Baba akaingia majini. Mara hii hakutabasamu wala hakutetemeka, maji ya kule chini yana uvuguvugu. Mzee Nyaga akauliza kama kuna neno, na watu wote, hata mjomba Njagi ambaye alikuwa mgeni tu, wakanigeukia mimi kwanza. Nikatikisa kichwa. Wakacheka, kisha wakaitikia, "Hakuna neno," mara tatu. Mara ya tatu nilisikia sauti ya cucu ndani ya zile sauti, nyembamba, imechelewa kidogo.

Akalazwa. Maji yakampiga vizuri, kwa sababu alikuwa mtu mzito. Alipoinuliwa, ubavu mmoja wa kanzu, palepale penye kipande kipya, ulipasuka kwa mlio ambao ulisikika juu ya ngoma, na mama akamkimbilia na leso, anacheka na kulia, amesahau kama yuko ukingoni au majini. Alimfunika, akamshika, akaipangusa ile kanzu iliyolowa kwa viganja, juu hadi chini, kana kwamba anahakikisha. Watu wakaanza kuruka. Mjomba akaichukua ngoma kwa mpigaji bila kuomba, na ikabainika kwamba Mitunguu hakuwa amelima ndizi tu. Sijaona furaha kama ile, na nimeshahudhuria arusi nyingi, yangu ikiwemo.

Mimi niliteleza nikaenda kwa cucu. Nilisimama mbele yake nikiupa mgongo upande mto unakoenda, kwa kuwa mimi sheria ilinishika. Alikuwa bado ameketi, mikono mapajani.

"Cucu," nikamwuliza kwa sauti ya chini, "wewe ndio ulikuwa unaangalia huko chini peke yako. Uliziona zikipita?"

Hakunicheka. Aliendelea kutazama nyuma yangu, mto ulikokuwa ukienda.

"Niliziona."

"Zilikuwa kubwa?"

Nyuma yake waliimba.

"Zilikuwa ndogo," akasema. "Ni mimi nilikuwa nimeziweka zikiwa kubwa."

Kisha akainuka kwa kushika bega langu, akatoa kibuyu chini ya kigoda, akakiinamisha palepale penye mkondo, akanywa, akafuta mdomo. Akanipa, na mimi nikanywa.